Mshtakiwa Niliyemfundisha Majibu

Kila mwaka wanafunzi wa uuguzi huja hapa kwangu Buzebazeba, Kigoma, na madaftari yao. Wananiamkia vizuri, wanakaa mkekani, na kabla chai haijapoa wanauliza lile lile: "Bibi, ulimjuaje mtu anayejifanya kichaa ili akwepe kesi?" Swali zuri, na visa vyake ni vitamu. Lakini katika miaka yangu yote ya kukaa wodini na mahabusu, waliojifanya wagonjwa hawakunipa taabu kubwa. Aliyenikosesha raha ni kijana mmoja aliyeonekana mzima, na aliyemfanya aonekane mzima ni mimi.

Nitafika huko. Acheni kwanza niwape hicho kitamu mnachokitaka, msije mkasema bibi mchoyo.

Tuliwahi kuletewa fundi cherehani wa mtaa wa Mwanga, hapa hapa mjini, aliyeshitakiwa kwa kuuza vitambaa vya wateja wake. Alipofika tu akaanza kubweka. Alibweka asubuhi, akabweka mchana, akanusa miguu ya askari magereza aliyemlinda mpaka askari akaomba kubadilishiwa zamu. Siku ya tisa nampima presha, akanyamaza, akatazama chini, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sista, pindo la gauni lako linafumuka. Aliyekushonea amekubania uzi." Kisha akakumbuka kazi yake, akabweka. Nikamwambia, "Asante fundi. Mbwa wa kwetu hajawahi kunishauri vizuri hivyo." Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Nilikimbia kumweleza Daktari Lwitiko, bingwa wa magonjwa ya akili aliyekuwa akija kwetu kutoka mkoa wa mbali kila mahakama ilipomhitaji. Mtu mfupi, mpole, mpenda karanga. Mifuko ya koti lake ilijaa maganda. Alicheka mpaka akafuta miwani. Halafu akaniuliza, "Analala?" Nikasema sijui. "Anakula?" Nusu sahani. "Basi kaangalie. Mtu anaweza kujifanya mgonjwa na huku anaumwa kweli, ugonjwa mwingine ambao haujui." Nikaangalia. Fundi hakuwa amelala usingizi wa maana tangu akamatwe, na alikuwa akilia kwenye shuka askari akitoka nje. Kubweka kulikuwa kwa uongo na huzuni ilikuwa ya kweli. Tukamtibu huzuni, akaenda kujibu kesi yake.

Mimi mwenyewe ni Mpare wa milimani. Nilipangiwa kazi Kigoma nikiwa msichana, nikalia njia nzima ndani ya treni, nikajiapiza miaka miwili tu. Nimestaafu hapa hapa. Jina langu Apaisaria liliwashinda watu wa hapa, wakalikata wakabaki na Sista Apa, nami nikalizoea mpaka kanisani.

Sasa kazi yenyewe ilikuwa nini? Nilipoanza nilidhani daktari anaitwa na mahakama kusema kama mtu ameua au hakuua. Daktari Lwitiko alinisahihisha siku moja tunamenya karanga.

"Sista Apa, mtu alikuwa amelewa chakari siku ya tukio, leo ameamka mzima. Kesi isubiri?"

"Hapana, iendelee."

"Na aliyekuwa mzima siku ya tukio, leo amelala hajitambui?"

"Huyo asubiriwe."

"Basi nusu ya kazi umeielewa. Kama alitenda, hilo ni la jaji. Akili yake ilikuwaje siku ile, nalo lina wakati wake. Sisi leo tumeulizwa jambo moja: mtu huyu, kama alivyo sasa, anaweza kusimama kwenye kesi yake mwenyewe? Anajua anashitakiwa nini? Anafuata yanayosemwa? Anaweza kumwambia wakili wake neno la kumsaidia?"

Nikaona rahisi. Ndiyo maana nilikosea.

Yasini aliletwa kutoka mahabusu ya gereza akiwa na miaka kama thelathini, mvuvi wa Ujiji, mwembamba, mwenye adabu. Kesi yake ilikuwa ya mauaji, na adhabu yake mnaijua. Alimpiga kafi la kichwa kaka yake Ismaili, mtu aliyemlea tangu baba yao alipofariki. Majirani walisema kwa miezi kadhaa alikuwa akisikia watu wasioonekana wakimwambia kwamba kaka anataka kumuuza ng'ambo, yaani upande wa Kongo. Siku hiyo walikuwa ufukweni wawili tu wanaandaa mtumbwi. Ismaili aliangukia majini. Watu walipofika walimkuta Yasini amekaa mchangani anatazama ziwa. Polisi walimchukua, na mwili ulipatikana kesho yake asubuhi, ukazikwa Ujiji siku hiyo hiyo kama desturi ilivyo. Yasini hakuuona. Lishikeni hilo, maana mimi sikulishika.

Daktari alipomhoji mara ya kwanza, Yasini hakujua lolote. Jaji ni nani? "Mtu anayekaa juu." Wakili kazi yake nini? Akatabasamu. Daktari akaandika kwamba kwa sasa hawezi kujibu kesi, atibiwe, atapimwa tena. Nikabaki naye, mimi na dawa zake.

Mama yake alikuwa akija karibu kila siku. Bi Mwajuma, mwanamke wa makamo, anatembea kutoka Ujiji na hotipoti ya ugali wa muhogo na samaki wa migebuka. Alikuwa akikaa kwenye benchi mpaka mwanawe amalize, haondoki likiwa limebaki hata tonge. Siku moja alinishika mkono koridoni.

"Sista, nieleze kama unavyomweleza mtu asiyesoma. Akiendelea kushindwa haya maswali, itakuwaje?"

"Ataendelea kukaa matibabuni, mama. Kesi itasimama."

"Mpaka lini?"

"Mpaka awe tayari."

"Na asipokuwa tayari maisha yake yote?"

Niliwajua waliozeeka wakisubiri. Akasema, "Mwana wanje, mwanangu, nilikuwa na watoto wawili. Mmoja yuko kaburini. Huyu mwingine naomba nijue yuko wapi. Akifungwa nijue amefungwa. Akiachiwa nijue ameachiwa. Hivi nilivyo sijui hata niombe dua gani."

Maneno hayo yaliniingia. Nikarudi ndani nikajiambia, hivi maswali yenyewe si nayajua? Nilikuwa nimekaa pembeni ya Daktari Lwitiko miaka na miaka. Niliyajua kama nilivyoijua katekisimo. Hapo ndipo palipokuwa na shida, sema wakati ule nilipaona kuwa ndipo penye msaada. Sisi tuliokulia kipaimara tulifundishwa swali na jibu, swali na jibu, mpaka mchungaji akikuamsha usingizini unamjibu. Na Yasini alikuwa mtoto wa madrasa za Ujiji, kichwa chake kimenolewa kwa kuhifadhi. Ukitaka kuona mwalimu na mwanafunzi waliopatana, mngekuja kutuona sisi.

Kila asubuhi, baada ya vidonge, tulianza. "Jaji ni nani?" "Ni anayesikiliza pande zote na kuamua." "Wakili wa serikali?" "Anayeleta mashtaka." "Wakili wako?" "Anayenitetea, nimwambie ukweli." "Wazee wa baraza?" "Wanaomshauri jaji." "Mashahidi?" "Walioona au wanaojua, kila upande una wake." Alikuwa akijibu huku akiyumba mbele na nyuma taratibu, na majibu yanatoka na mahadhi. Mimi nilifurahi. Nilimwona anapata nafuu mbele ya macho yangu, na kweli kwa mengine alikuwa na nafuu: alilala, alioga mwenyewe, sauti za watu wasioonekana alisema zimenyamaza. Nikamwambia asiyumbe mbele ya daktari. Ndiyo, nilimwambia hivyo. Niliona ni suala la adabu tu, kama kumwambia mtoto asijikune mbele ya wageni.

Daktari Lwitiko aliporudi, Yasini alijibu yote. Daktari aliinua macho mara mbili kunitazama, nami nikatazama dirishani kama mtu anayesubiri mvua. Alikuwa na mtego wake mmoja, akamuuliza, "Je, mimi ndiye jaji wako?" Maana watu wa huku kwa heshima wanaweza kukubali kila unachowaambia, na mtu anayesema ndiyo kwa kila kitu bado hajakuambia chochote. Lakini huo mtego nao nilikuwa nimeufundisha. "Hapana," Yasini akasema, "wewe ni daktari, huamui kesi yangu." Daktari akaandika kwamba anaweza kusimama na kujibu. Ripoti ikaenda mahakamani, tarehe ikapangwa, na daktari akaondoka kurudi kwake.

Bi Mwajuma nilipomwambia alikaa chini pale pale, akafunga macho, midomo ikawa inacheza. Alikuwa amepata dua ya kuomba. Mimi siku hiyo nilitembea kifua mbele.

Siku nne kabla ya kesi alikuja na hotipoti yake. Yasini akala vizuri, akanawa, akamwambia mama yake kwa upole, kama mtu anayekumbusha jambo dogo, "Mama, kesho ukija ulete ile kanzu ya Idi ya Kaka Ismaili. Na kofia."

"Ya nini, mwanangu?"

"Atakuja kunitolea ushahidi. Anatoka ng'ambo kwa boti, nguo zake zitakuwa zimelowa. Hawezi kusimama mbele ya jaji vile."

Nilikuwa nimeshika sinia la dawa. Bi Mwajuma alifunika hotipoti, akaikaza mfuniko, akaikaza tena. Kisha akanigeukia mimi.

"Sista, na hili ni wewe uliyemfundisha?"

Wanangu, nimetukanwa na wagonjwa kwa lugha nne, nimemwagiwa uji, nimepigwa kofi na mtu aliyeniona ni shetani. Hakuna lililoniuma kama swali la yule mama, na hakuliuliza kwa hasira.

Nikavuta kiti. Kwa mara ya kwanza nikamuuliza Yasini swali ambalo sikuwa na jibu lake kichwani. "Kaka yako yuko wapi?"

"Yuko ng'ambo. Aliangukia majini, akaogelea. Anajua kuogelea kuliko samaki. Kanikasirikia ndiyo maana kakawia."

"Mama aliuona mwili wake."

"Mama amedanganywa. Waliozika walizika mtu mwingine." Akanitazama kwa huruma, kama mimi ndiye mgonjwa. "Sista, wewe mwenyewe ulisema kila upande una mashahidi wake. Mimi wangu ni yeye. Akisimama tu, kesi imekwisha."

Kila jibu nililompa alilishika sawasawa. Jaji, wakili, mashahidi, vyote vilikuwa mahali pake. Lakini katikati ya mahakama ile aliyoijenga kichwani kwa matofali yangu alikuwa amemkalisha maiti. Na wakili wake angemtetea vipi? Utetezi pekee wa kweli ulikuwa kwamba siku ile alikuwa mgonjwa, na Yasini asingekubali neno hilo, kwa nini akubali wakati aliyeuawa yuko hai anakuja na boti? Angesimama pale anatazama mlango mpaka hukumu isomwe. Nikaona kamba ya kumnyonga, na ncha yake moja nimeishika mimi.

Ningeweza kunyamaza. Sitawadanganya, nililifikiria. Nilibakiza miaka michache nistaafu, na aliyejua ni mama mmoja asiyejua mlango wa ofisi ya mganga mkuu. Niliogopa sana. Nikampigia daktari simu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Maswali yote?"

"Yote, daktari. Hata lile la kama wewe ndiye jaji."

Nikasikia ganda la karanga likipasuka. "Basi ripoti ile umeiandika wewe, mimi nimetia sahihi. Lakini na mimi nimeuliza maswali yale yale miaka yote kama mtu anayepiga mhuri. Hata siku moja sikumuuliza, shahidi wako ni nani. Nakuja."

Alikuja kwa basi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akakaa na Yasini, safari hii bila karatasi.

"Ukimkuta wakili wako, utamwambia nini?"

"Asubiri."

"Asubiri nini?"

"Boti."

"Na isipofika?"

"Ziwa linachafuka siku hizi, daktari. Itafika."

Siku ya kesi daktari alimweleza jaji kwamba ripoti yake ya kwanza haikuwa sahihi. Wakili wa serikali akasimama, mkali, akauliza ilikuwaje mtu akafaulu kipimo wiki chache tu zilizopita. Nikaitwa. Nilipanda kizimbani na sare yangu.

"Ni nani aliyemfundisha mshtakiwa majibu?" jaji akauliza.

"Ni mimi, mheshimiwa."

"Kwa nia gani?"

"Nilitaka kesi yake isikilizwe."

Jaji akaandika kwa muda mrefu. "Nasi tunataka hivyo hivyo, muuguzi. Ila tunataka awepo inaposikilizwa." Kesi ikasimamishwa, Yasini akarudishwa matibabuni. Mimi nilipata barua ya onyo, ninayo mpaka leo kabatini, na nilistahili. Bi Mwajuma hakuniambia neno kwa miezi miwili. Aliendelea kuleta chakula, ananiamkia, basi.

Nilichobadilisha tangu siku hiyo ni hiki, na ninyi wenye fomu za kwenye kompyuta na daktari anayeonekana kwenye runinga nisikilizeni hata kama mnaona ni mambo ya kale. Mweleze mgonjwa mahakama ilivyo, si dhambi, hata inatakiwa. Ila baada ya kumweleza, funga mdomo, muulize kuhusu kesi yake yeye, si kesi za watu wote. Nani atakuja? Nani hatakuja? Wakisema hivi kukuhusu, utasemaje? Kaa kwenye kiti kilicho sawa na chake. Andika alichosema kama alivyosema. Usiandike "amechanganyikiwa", maana hilo ni neno lako. Na jibu likitoka haraka na zuri mno, ulitilie shaka kidogo. Likitoka taratibu, linajikwaa, hilo lisubirini.

Mwisho wa kesi mtauliza, mnapenda mwisho. Ilisikilizwa baadaye. Jaji aliona kwamba Yasini alitenda, ila siku ile hakuwa na akili timamu, akaamuru awekwe hospitali. Miaka ilipita, akatoka. Yuko Ujiji, anashona nyavu, anachoma sindano yake kila mwezi, na mama yake ananiletea mawese mapya kila msimu bila kunieleza kwa nini.

Lakini siku ninayoikumbuka ni kabla ya hukumu. Daktari alikuwa amebadilisha dawa, na tulikuwa tumekaa miezi mingi bila mimi kumfundisha kitu. Yasini aliacha kuzungumzia boti. Hakusema imeghairi safari, aliacha tu. Akawa mzito, anakaa ametazama mikono yake. Asubuhi moja nilimpa vidonge na kikombe cha maji. Akakishika kikombe, hakunywa.

"Sista."

"Naam."

"Kaka alizikwa wapi?"

Nilikaa kitandani kwake, jambo tulilokatazwa. "Ujiji. Pembeni ya baba yenu."

"Mama aliona?"

"Aliona. Majirani walimshika."

"Nani alimwosha?"

"Sijui, Yasini. Hilo utamuuliza mama."

Alitikisa kichwa kukubali. Akatazama mlangoni, akatazama tena kikombe. "Kwa hiyo siku ya kesi hakuna anayekuja."

"Wakili wako atakuwepo. Mama atakuwepo. Na mimi nitakuja."

"Najua. Ila hakuna anayekuja."

Akanywa dawa yake. Nilitoka nikafungua faili, nikaandika saa, nikaandika maneno yake moja moja bila kuongeza langu. Nilijua daktari akiyasoma atasema kijana yuko tayari, na kweli alisema hivyo. Halafu nikamwomba askari aniachie mlango, nikarudi ndani nikakaa naye mpaka mchana, kwa sababu mtu aliyefiwa asubuhi ile hakustahili kukaa peke yake.